Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Iringa: tunaomba paa, si fedha

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA MAHALI PA MAONESHO YA KRISMASI

Kamwene.

Husika na somo hapo juu. Mimi ni msukaji wa vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia. Nawaandikia kwa niaba ya wenzangu tunaotaka kupanga kazi zetu pamoja kuelekea Krismasi: wasukaji wa hapa Iringa, akina mama wa kabila la Wakisi wanaofinyanga vyungu Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, mafundi wa matenga ya mianzi wa Njombe na vijana wa batiki. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tunaijua na ina utaratibu wake. Leo tunaomba paa tu.

Sababu ni mvua. Desemba huku kwetu mvua zimeshafunguka, na kikapu cha milulu hakipatani na maji. Kikiloa na jua likakosekana siku mbili, kinaota ukungu mweusi kuanzia kwenye kitako, na ukungu huo hautoki hata usugue na brashi.

Mwaka jana tulijaribu wenyewe. Tulikodi turubai, tukapanga bidhaa kando ya barabara pale Ipogolo, tukitegemea abiria wa mabasi ya Dar es Salaam. Tarehe 22 jioni mvua ikaja na upepo. Turubai likajaa maji katikati, likabonyea, likayamwaga yote mezani. Mwenzangu alikuwa na vikapu kumi na moja, kazi ya miezi miwili. Alikumbatia vinne akakimbilia navyo kwenye kibanda cha chipsi, saba vikaloa. Kesho yake mchuuzi mmoja akavibeba vyote saba kwa bei isiyofika hata ya kikapu kimoja kikubwa. Mwenzangu akapokea hiyo hela. Alikuwa anawaza nauli ya kurudi kijijini na sare za Januari.

Na vyungu je? Chungu cha Kikisi kinafinyangwa kwa mikono. Kinatoka Ikombe kwa mtumbwi juu ya Ziwa Nyasa, kinapanda gari mpaka huku kikiwa kimezungushiwa nyasi, kinafika bila ufa. Inauma kukiona kinadondoka kwenye meza iliyoyumbishwa na upepo, mita chache tu kutoka kwa mnunuzi.

Tunaomba pawe juu mjini, karibu na Soko Kuu, maana ndiko ndugu zetu wanaokuja kula sikukuu wanakopanda kununua mchele na kuku. Hao ndio wateja wetu hasa. Shemeji yangu anayeishi Dar alinionyesha kikapu alichonunua huko kwa mara tatu ya bei yangu. Nilipogeuza kitako niliujua mkono uliokisuka, wa mama mmoja wa kijiji jirani. Kikapu kimeteremka mlima Kitonga hadi Dar, kimepita mikono sijui mingapi, na mtu wa Iringa akakinunua ugenini. Aliyekisuka hakuambulia kitu katika ile nyongeza.

Ukumbi wa manispaa unatutosha, au hata banda moja la soko, kuanzia tarehe 14 hadi 24 Desemba. Pangepatikana nafasi kwenye eneo la Boma tungefurahi zaidi: jengo lile la Mjerumani limekuwa makumbusho tangu 2016, na anayekuja kutazama vya mababu angekuta vinavyosukwa leo na wasukaji wenyewe wamekaa pembeni yake. Kila bidhaa itakuwa na kikaratasi chenye jina la aliyeitengeneza na kijiji chake. Ushuru tutalipa, na usafi ni juu yetu.

Tunaomba jibu kabla ya Oktoba kwisha. Milulu ya Krismasi inakatwa na kuanikwa jua likiwa bado kali, na wenzangu wanasubiri kujua wakate mizigo mingapi. Ya kwangu nimeshaianika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msukaji wa vikapu, Iringa