Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mimi Nimestaafu, Mwanangu Hajastaafu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia baada ya mwanangu wa kidato cha pili, mwenye pumu, kurudishwa wiki iliyopita kutoka dirisha la bima la hospitali kwa kuwa kadi yake imefungwa. Imefungwa kwa sababu mimi, mwalimu wa shule ya serikali, nimetimiza miaka 60 na kustaafu.

Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ya Tanzania ya mwaka 1999 ilitutaka watumishi wa umma tuchangie, na tangu mfuko uanze kazi mwaka 2001 umekuwa ukipokea asilimia 6 ya mshahara wangu, nusu ikikatwa kwangu na nusu ikitolewa na mwajiri. Sikuulizwa kama napenda, wala silalamiki, maana tulitibiwa. Nashukuru pia kwamba mimi na mke wangu tutaendelea kutibiwa maisha yetu yote bila kuchangia tena. Ninachoshindwa kuona ni hekima ya kuwakinga wazee wawili na kumwacha nje mtoto wa miaka 15 ambaye, kama ningekuwa bado nashika chaki, angeendelea kutambuliwa kuwa mtegemezi wangu.

Labda wataalamu wenu walidhani kwamba mtu akifika miaka 60 wanawe wote wameshajitegemea. Wangetutembelea wangekuta wastaafu wenye watoto wa shule ya msingi, na wengine wanaolea wajukuu yatima. Tunashauriwa tuwakatie watoto bima ya peke yao, yaani aliyepungukiwa kipato ndiye aongezewe malipo! Tukiuliza, tunajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nilipokuwa kazini sikuwahi kumwona mkaguzi akiridhika kuambiwa kwamba andalio la somo linafanyiwa kazi. Alitaka kuliona mezani.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi wastaafu tukashangilia pamoja na wengine, tukiamini kwamba watoto wetu wamo. Kwa hiyo naomba jambo moja tu, Mheshimiwa: kadi ya mtoto isifungwe siku mzazi anapostaafu, bali iendelee mpaka atimize umri uleule wa ukomo uliowekwa kwa mtoto wa aliye kazini. Ikiwa tatizo ni fedha, kateni kwenye pensheni yangu, kwani kunikata hakujawahi kuwashinda. Lakini kadi ya mtoto ifunguliwe, na ifunguliwe kabla pumu haijambana tena.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu