Kiti Kabla ya Kifaa: Mazoezi Mepesi ya Wazee kwa Vitu vya Nyumbani

Familia zinazotuita tuwaongoze wazazi wao katika mazoezi huuliza mara nyingi ni kifaa gani kinunuliwe kwanza. Jibu letu ni kwamba kisinunuliwe chochote kabla kiti cha mezani hakijatumiwa ipasavyo. Mzee asiyeweza kuinuka mwenyewe pale alipoketi hawezi kwenda msalani bila msaada, na huanza kupunguza hata maji anayokunywa ili asimsumbue mtu. Kwa hiyo huduma yetu huanza na nguvu za kuinuka, na mazoezi mengine hufuata baada ya hapo.

Misuli ya mwili huanza kupungua taratibu tangu umri wa miaka 30 hivi, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka, hasa kwa mtu anayeshinda ameketi. Wengi hudhani hali hiyo hairudi nyuma, ilhali misuli ya mtu wa miaka 80 au hata 90 bado hupata nguvu inapopewa kazi ya kiasi chake. Jambo hili tunalisisitiza kwa watoto wanaomhurumia mzazi kiasi cha kumletea kila kitu alipo, kwa kuwa huruma ya namna hiyo humnyima hata ule mwendo mdogo aliokuwa amebaki nao.

Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, na mgongo wake uegemee ukuta ili kisiteleze. Mzee asogee mbele hadi nusu ya kiti, atenganishe miguu kwa upana wa mabega, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, kisha ainamishe kiwiliwili mbele hadi pua ielekee juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Wanaoshindwa kuinuka mara nyingi hawajaishiwa nguvu kabisa. Hujaribu kusimama wakiwa wima, na uzito wote hubaki nyuma. Kushuka ndiko kunakosahaulika. Ashuke polepole kwa hesabu ya 1 hadi 4, kwa maana misuli ya mapaja hufanya kazi kubwa inapouzuia mwili usianguke kitini, na anayejitupa huikosa kazi hiyo na kuutikisa uti wa mgongo. Mara 5, mapumziko, kisha mara 5 nyingine, zinatosha kuanzia. Kama bado ni vigumu, mto mgumu uwekwe ili kuinua kikalio, au mikono isukume pande za kiti, na msaada huo upunguzwe kadiri wiki zinavyopita. Ili kupima maendeleo, tunahesabu ni mara ngapi anasimama kikamilifu ndani ya sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku 3 kwa wiki. Meza nzito isiyosogea inafaa sana kwa hayo ya pili: mzee aishike kwa mikono miwili, anyanyue visigino taratibu na kuvishusha, na akishazoea asimame mguu mmoja mbele ya mwingine huku mtu akiwa karibu naye. Avae viatu visivyoteleza. Soksi tupu kwenye sakafu laini ni hatari.

Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa takribani nusu kilo, na faida yake ni kwamba uzito hupunguzwa kwa kumwaga maji kidogo. Anaponyanyua, atoe pumzi badala ya kuibana, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu. Taulo likikunjwa na kukamuliwa kana kwamba limelowa huimarisha mshiko wa mikono.

Zoezi lisitishwe mara moja akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kuliko kawaida, na maumivu ya kifua yasiyotulia yanahitaji msaada wa dharura. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyewahi kuanguka bila sababu kujulikana, au mwenye mifupa iliyodhoofika amwone daktari kabla ya kuanza. Huyo wa mwisho hatumpi mazoezi ya kuinama sana wala kujipinda kiuno.

Kwa ziara yetu ya kwanza tunaomba familia itayarishe kiti, taulo, chupa mbili, viatu ambavyo mzee huvaa ndani ya nyumba, na orodha ya dawa zake zote, kwani baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na hilo tunapaswa kulijua kabla hajainuka mara ya kwanza.