Dada, kazi yangu huku ni kusoma chati za watu

Shikamoo dada,

Natumai wote hamjambo, mama nimemsikia kwenye ile voisi noti sauti imerudi kabisa, nimefurahi sana. Mi mzima, macho tu ndo yamechoka. Umeniuliza mara mbili na mara mbili nimekujibu kwa emoji, kwaiyo leo nimekaa niandike ya kueleweka, huku nasomea nini hasa, na wanafunzi wako ukiwakalisha watatu watatu kwenye kompyuta maksi uwape vipi.

Kwa kifupi nasoma chati za watu, yaani meseji wanazoandikiana wakifanya kazi ya pamoja kwenye kompyuta. Usicheke! Ni taaluma kamili hii, kujifunza kwa kushirikiana kwa msaada wa kompyuta, watu wengi wanahesabu kwamba ilianzia kwenye warsha moja ya 1989 kule Maratea, Italia, halafu 1995 wakafanya mkutano mkubwa wa kimataifa Bloomington, Marekani, na tangu hapo haijalala. Zamani walikuwa wanauliza kompyuta inasaidia au haisaidii. Hilo siku hizi halina ubishi sana, 2018 akina Chen na wenzake walikusanya tafiti 425 wakazichambua kwa pamoja na picha ya jumla ni kwamba inasaidia. Kinachotusumbua sasa ni cha ndani zaidi, yaani hawa watu watatu wanashirikiana kweli au wamekaa jirani tu?

Sasa unapimaje. Mi nilivyofika nikadhani ni rahisi, hesabu meseji, kundi lenye meseji nyingi ndo limeshirikiana. Wee! Kundi langu lililoongoza kwa meseji walikuwa wanabishana rangi ya kichwa cha habari, karibu saa nzima, swali lenyewe wakalijibu dakika za mwisho kabisa na aliyejibu ni mmoja.

Halafu nikakutana na chati moja mpaka leo haijanitoka. Watatu, swali la fizikia, mpira umerushwa juu, pale kileleni kabisa unaposimama kabla ya kushuka mchapuko wake ni ngapi. Wa kwanza kaandika sifuri kwa sababu mpira umesimama. Wa pili kasema yes sifuri. Wa tatu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akaandika "lakini mvutano wa dunia haujazimwa pale juu, si bado unauvuta?" Dada, hilo ndo jibu lenyewe! Kasi ni sifuri ila mchapuko upo palepale, ndo maana mpira unarudi chini. Unajua walimjibu nini? Wa kwanza "haha". Wa pili "sawa tumalize basi". Wakatuma sifuri. Wa tatu hakuandika tena mpaka mwisho.

Ukiwapa maksi kwa jibu utasema hawakujua. Walijua, jibu lilikuwa kwenye skrini yao. Nikamwonyesha profesa akanipa nisome utafiti wa Brigid Barron wa 2003, yeye alichukua makundi 12 ya watoto watatu watatu wa darasa la sita wakifanya hesabu, wala hawakuwa wanachati, wamekaa uso kwa uso, akaona hivyohivyo. Makundi yaliyofeli mawazo sahihi yalikuwepo, ila yakisemwa yanapuuzwa au yanakataliwa bila sababu, na kwenye yaliyofaulu wazo likitoka linapokelewa na kujadiliwa. Kwaiyo mi siku hizi nikifungua chati siangalii sana nani kasema nini, naangalia meseji inayofuata baada ya wazo kutoka. Pale ndo ubora unapokaa, hayo mengine kwangu ni mapambo (profesa hakubaliani na mi kwa asilimia zote, ila ndo hivo).

Vipimo vyenyewe vipo vingi. Mimi natumia sana kile cha Meier, Spada na Rummel cha 2007, wao walikaa na vidio za wanafunzi wa udaktari wa tiba na wa saikolojia waliounganishwa wawili wawili kwa kompyuta wachambue kesi ya mgonjwa, kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana. Wakatoa mambo tisa ya kutazama: mnaelewana au kila mtu na lake, mnapeana zamu ya kuongea, mnatoa taarifa mlizonazo, mnafikiaje uamuzi, kugawana kazi, kutunza muda, kuimudu mitambo yenyewe, kuheshimiana, na kila mtu ana moyo gani na kazi. Hilo la kutoa taarifa ndo gumu kuliko unavyodhani. Tangu 1985 Stasser na Titus walishaonyesha kwamba watu wakikaa kikao huwa wanazungumza kile ambacho wote tayari wanakijua, na kile anachokijua mmoja peke yake ndo kinabaki mfukoni.

Na usidhani naamua mwenyewe tu kwamba hawa wazuri hawa wabaya. Tunasoma wawili, kila mtu kwake, tunakipa kila kipande cha chati lebo, halafu tunalinganisha kwa hesabu moja ya Jacob Cohen ya 1960 inayoondoa yale makubaliano ya bahati nasibu. Inaitwa kapa. Na mara ya kwanza mi na mwenzangu tulitoka kapa kweli! Yeye "sawa" anaihesabu ni makubaliano, mi naihesabu ni kuchoka. Tulibishana wiki mbili juu ya neno "sawa". Cha kuchekesha zaidi sisi tunaotafiti ushirikiano ripoti yetu aliiandika mtu mmoja usiku na wengine tukaweka majina, basi hapo tuache.

Sasa maksi zako. Kwanza usitegemee kwamba ukiwaweka kwenye programu moja wataanza kuongea wenyewe, Kreijns na wenzake 2003 walilitaja kama mtego wa kwanza kabisa, na mtego wa pili ni kuwabana waongee kazi tu. Waachie waulizane hali na kutaniana kidogo, mtu ambaye hajazoeana na mwenzake hawezi kumwambia umekosea. Pili usiwape wote karatasi moja. Mpe kila mmoja kipande chake ambacho wenzake hawana na swali lisijibike bila vipande vyote, huo mtindo Elliot Aronson aliuanzisha 1971 Texas hata kompyuta hazijaingia darasani na bado unafanya kazi. Tatu wakimaliza chagua yeyote, usichague yule mwongeaji, akueleze kwa nini jibu ni hilo, na hapo maksi za mtu mmoja mmoja zichanganye na za kundi. Ukitoa za kundi peke yake kuna mtu atabebwa na kuna mtu atabeba, na anayebeba safari ijayo atachoka.

Ila dada nakujua unavyopenda mpangilio, usije ukawaandikia kila hatua, sasa wewe uliza, sasa wewe kataa, sasa wewe fupisha. Pierre Dillenbourg alishaonya 2002, ukizidisha maelekezo inakuwa maigizo, mtoto anapinga kwa sababu karatasi imemwambia apinge.

Na hiyo "sawa" ina jina kabisa kwenye vitabu vyetu, makubaliano ya haraka, yaani unakubali ili mambo yaishe na siyo kwa sababu umeshawishika. Nilivyoisoma nikakumbuka grupu letu la familia. Ulivyouliza nani atampeleka mama kliniki, vidole gumba vilijaa mpaka nikahisi tuna upendo wa ajabu, na asubuhi hakuna aliyetokea ukaenda mwenyewe. Na mi nilikuwa mmoja wa waliobonyeza, nikiwa huku, sijui nilikuwa namaanisha nini. Nisamehe.

Ukipata nafasi nitumie chati ya kundi moja la wanafunzi wako, waombe ruhusa kwanza na majina uyafute, nitaisoma nikuambie naona nini. Na kama kuna sehemu ya barua hii hukubaliani nayo nipinge, usinijibu sawa.

Msalimie mama, mwambie ntapiga jumapili.

Mdogo wako