Wagonjwa wa presha waulizwe pia wanalalaje

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wakuu wa afya wa Kaunti ya Kilifi kuhusu kukoroma. Hapa Malindi mtu akikoroma tunasema kachoka. Mume wangu alikuwa mgonjwa, na kazi yake ni kuendesha matatu ya Malindi na Mombasa.

Amemeza dawa za presha miaka mingi na presha ilikuwa haishuki. Kila akienda kliniki huongezewa kidonge au huambiwa apunguze chumvi. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Mimi ndiye niliyekuwa nikikesha: anakoroma, ghafla kimya, kifua kinahangaika na pumzi haipiti, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Asubuhi kichwa chamuuma; akikaa tu, anasinzia. Majirani walisema jinamizi, akasomewa, na dua sijaiacha. Lakini aliponiambia amesinzia kwenye usukani karibu na Gede, gari limejaa watu, nilimkataza kazi mpaka apimwe.

Alipimwa kliniki ya usingizi Nairobi. Alilala huko na waya kichwani, mikanda kifuani na tumboni, na kifaa cha oksijeni kidoleni. Daktari alitueleza kuwa koo hulegea likaziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Ikikatika hivyo mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Yeye alizipita hizo 30. Kila mara oksijeni hushuka na presha hupanda, ndiyo maana vidonge peke yake havikutosha. Sasa hulala na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani. Si uzushi wa juzi: daktari Colin Sullivan aliibuni Sydney, Australia, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1981. Presha imeanza kutii, na usukani ameurudia.

Lakini tuliuza kiwanja. Asiye na kiwanja afanyeje?

Vipo vifaa vidogo ambavyo mgonjwa huvivaa nyumbani usiku mmoja, daktari akasoma asubuhi. Kaunti itununulie hata vichache. Na kabla havijafika, muuguzi wa kliniki ya presha aulize, bila gharama yoyote: unakoroma? Wasinzia mchana? Na mke aulizwe, maana anayekoroma hajisikii. Wanaojinunulia vidonge vya usingizi dukani nao waonywe, vingine huzidi kulegeza koo.

Madereva waanze kuulizwa, tafadhali.

Mke wa dereva,
Shella, Malindi