Wahesabiwe wauguzi walio zamu usiku, si majina ya kwenye ikama

Mhariri,

Wodi ya watoto inapozinduliwa tunatajiwa idadi ya vitanda, mitungi ya oksijeni na gharama za jengo. Haitajwi saa 8 usiku watakuwapo wauguzi wangapi. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuliseme hilo kwa hesabu, kwa kuwa madiwani na wakurugenzi wanaopitisha bajeti huonyeshwa namba moja tu, ya ikama (idadi ya watumishi waliopangiwa kituo), na namba hiyo huficha mambo mengi.

Ili muuguzi mmoja asikosekane wodini usiku na mchana, mwaka mzima, zinahitajika saa 8,760. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28 (siku 20 za kazi), toa siku nyingine 20 za kazi kwa ajili ya sikukuu, kuugua, misiba na mafunzo (na hapo tumekadiria kwa huruma), anabaki na saa 1,760 hivi. Ukigawanya, unapata wauguzi 5 kwa nafasi moja. Wodi yenye majina 10 kwenye ikama ina wauguzi 2 kwa zamu, basi. Na hiyo ni pale ambapo hakuna aliye kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, hakuna aliyekwenda masomoni, na mfawidhi hatumii asubuhi yake kuandika maombi ya dawa na ripoti za mwezi. Wakipungua wawili, usiku unabaki na mtu mmoja. Hapo hakuna mzembe wala mtoro.

Sasa tuangalie usiku wa mtu huyo mmoja. Tuchukue msimu wa mvua, malaria na nimonia zimepanda: watoto 30, zamu ya saa 12, yaani dakika 720. Tuseme watoto 20 wana dawa za mshipa saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Dozi moja ikitolewa inavyotakiwa, kuanzia kunawa mikono, kusoma faili, kukokotoa kwa uzito, kuchanganya, kukagua kanula (kijibomba kilichowekwa mshipani), kusukuma dawa taratibu, kusafisha kanula hadi kuandika, haipungui dakika 8. Hizo ni dakika 320. Kupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na oksijeni ya damu mara mbili tu kwa kila mtoto, dakika 4 kila mara, ni 240. Watoto 3 wenye utapiamlo mkali wanapewa maziwa ya F-75 kila baada ya saa 2, mara 6 kwa usiku, dakika 10 kila mlo: 180. Jumla ni 740. Zamu imeshapitwa kwa dakika 20, na bado hajapokea mgonjwa mpya hata mmoja, hajasimamia damu inayoongezwa, hajakimbilia degedege, hajakaa chini.

Kwa hiyo kuna kazi itakayoachwa, na ya kwanza kuachwa huwa ile ambayo hakuna atakayeiulizia asubuhi. Kuhesabu pumzi ni mfano mzuri. Mtoto huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, ametulia, kifua kikiwa wazi; kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kunapotosha, hasa kwa mtoto mchanga ambaye pumzi zake hukimbia na kusimama. Mipaka ambayo pumzi huhesabiwa kuwa za haraka nayo inakaribiana: 60 kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ukifungua chati ukakuta watoto 10 mfululizo wanapumua mara 30, ujue hakuna aliyehesabu. Watafiti waliokaa vyumbani mwa watoto wachanga katika hospitali 6 za Nairobi, mwaka 2017 na 2018, wakiangalia kwa macho kazi gani inafanyika na ipi inarukwa, waliona jambo hilohilo: kadiri muuguzi anavyoongezewa watoto, ndivyo huduma zinazomfikia kila mmoja wao zinavyopungua.

Maziwa ya F-75 nayo hayana namna ya kufidiwa. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkali anapewa mililita 130 kwa kila kilo kwa siku, yaani 780, zigawanywe mara 12: mililita 65 kila baada ya saa 2. Akikosa mlo wa saa 8 na wa saa 10 usiku, sukari ya damu huweza kushuka chini ya milimoli 3 kwa lita, kiwango cha hatari, na mwili kupoa. Halii na hatapitapi, analegea tu, na mama anayelala naye anadhani leo amelala vizuri. Ukimpa mililita 195 saa 12 asubuhi ili kulipa deni, unaulemea moyo uliodhoofu au anatapika na maziwa yanaingia mapafuni.

Tukae kidogo kwenye dripu, maana hapo ndipo uhaba wa macho unapoua kimya kimya. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kiasi cha mililita 1,000 kwa saa 24, sawa na 42 kwa saa. Kwa mpira wa matone madogo, matone 60 kwa mililita, hayo ni matone 42 kwa dakika. Kwa mpira wa kawaida, matone 20 kwa mililita, ni matone 14. Mipira yote miwili hutoka stoo moja na huenda kwenye trei moja. Aliyezoea matone madogo akiweka 42 kwenye mpira wa kawaida, mtoto anapata mililita 126 kwa saa, mara tatu ya anachohitaji, na chupa ya mililita 500 iliyotakiwa kumaliza karibu saa 12 inaisha ndani ya saa 4. Hata ikiwekwa sawasawa, mtoto akigeuza mkono kasi hubadilika. Hivyo dripu ya mtoto hutazamwa kila saa. Ikiwepo bureti, yaani kichupa chenye vipimo kinachokaa kati ya chupa na mpira, ijazwe maji ya saa 2 tu, kwa huyu wetu mililita 84, ili ikikimbia iishie hapo.

Maji mengi kwa haraka yana madhara, na hilo limethibitishwa huku kwetu. Jaribio la FEAST lililochapishwa mwaka 2011, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ikiwemo Muheza, lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Miongoni mwa waliopewa maji mengi kwa mkupuo, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa mkupuo walikuwa 7. Daktari anaweza kuandika kiasi sahihi kabisa kwenye faili. Anayehakikisha kiasi hicho ndicho kinachoingia mwilini usiku kucha ni muuguzi.

Kuna na dozi za watoto wachanga. Gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mtoto wa kilo 3 katika wiki ya kwanza ni miligramu 5 kwa kilo, jumla 15. Ampuli, yaani kichupa cha dawa, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo unavuta mililita 0.38, na hilo linawezekana tu kwa bomba la sindano la mililita 1. Bomba la mililita 5 halina mstari unaofaa. Nukta ikisogea hatua moja inakuwa 3.8, kiasi cha kudhuru figo na masikio. Kwa wanaoanza kazi tunawaambia hivi: ukijikuta unavunja ampuli ya pili ya gentamaisini kwa mtoto mchanga, simama, umekosea. Lakini kinga ya kweli ni mtu wa pili anayekokotoa upya bila kuangalia jibu la mwenzake. Usiku wa muuguzi mmoja huyo wa pili hayupo.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni la chini kabisa: kusiwe na wodi ya watoto yenye muuguzi mmoja usiku, hata kama vitanda ni 12. Mmoja akikimbia na mtoto wa degedege, wengine wote wanabaki bila mtu.

Juu ya hapo, wodi ipangwe kwa mzigo. Kwa makadirio yale yale, mtoto wa dawa za mshipa anachukua dakika 24 kwa usiku, wa F-75 asiye na dawa hizo 68, anayesubiri kuruhusiwa 8. Anayeongezewa damu ahesabiwe dakika 90, kwa sababu mwanzoni hupimwa kila baada ya dakika 15. Ukitoa muda wa kukabidhiana zamu, kula, wagonjwa wapya na dharura, muuguzi ana dakika 540 za kupanga. Watoto wetu 30 wa dakika 740 wanahitaji wauguzi 2. Hesabu hii inafanyika kwenye karatasi kwa dakika 5, saa 10 jioni, kukiwa bado na muda wa kumwita mtu. Shirika la Afya Duniani lina njia pana zaidi ya namna hii, ijulikanayo kwa kifupi WISN, ya kukadiria watumishi wa mwaka mzima.

Wenzetu wameweka namba kwenye sheria. California tangu mwaka 2004 ni muuguzi 1 kwa watoto wasiozidi 4. Wales, kwa sheria ya mwaka 2016 iliyopanuliwa hadi wodi za watoto Oktoba 2021, hospitali zinalazimika kukokotoa kwa mzigo wa wagonjwa na kupata wauguzi wanaotosha. Hatuoni kwamba tunaweza kufika 1 kwa 4 mwakani. Ila bila namba yoyote inayomfunga mwajiri, kila pengo litazibwa kwa kumwongezea aliyepo.

Yapo yasiyosubiri kibali cha ajira. Watoto wa oksijeni, wa damu na wenye degedege walazwe pamoja, hatua chache kutoka meza ya muuguzi, wasitawanywe kona nne. Muuguzi asiwe wa kusukuma mitungi, kupeleka sampuli maabara na kufuatilia bili. Na uhamishaji wa wodi hadi wodi kila baada ya miezi michache ukome kwa waliofunzwa huduma za watoto wachanga: inachukua muda mrefu mtu kujifunza kuweka kanula kwenye mshipa wa mtoto wa kilo 1.5, na anapoanza kuiweza anapelekwa wodi ya upasuaji ya wanaume.

Akina mama nao wasigeuzwe kuwa wauguzi wa akiba. Mama anyonyeshe, ambebe njiti kifuani kwa kangaruu, atoe taarifa akiona mtoto anapumua kwa shida au hanyonyi. Asiachiwe kufungua dripu, kuongeza oksijeni, wala kumimina maziwa kwenye mpira wa puani ambao hakuna aliyehakiki kwamba bado uko tumboni.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi, na lengo la mwaka 2030 ni wasizidi 12. Wahitimu wa uuguzi wanaosubiri ajira wapo, na halmashauri kadhaa zimeshaajiri kwa mikataba kwa mapato ya ndani. Tunaziomba zianze na zamu ya usiku ya wodi ya watoto, zikizidisha kwa 5 kila nafasi zinayoitaka.

Na mlangoni pa kila wodi uwekwe ubao, uandikwe saa 1:30 jioni na saa 1:30 asubuhi: watoto wangapi, dakika ngapi za kazi, wauguzi wangapi. Namba za ubao zinakiliwe kila siku kwenye daftari la wodi, na mwisho wa mwezi kurasa hizo ziende kwenye kamati ya afya ya halmashauri zikiwa zimeambatanishwa na maombi ya ajira.

Wauguzi wa wodi za watoto,
Morogoro