Kwa nini mfuko wa ukoo hufifia

Zurich

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mama na wote hapo Tanga natumaini hawajambo. Sisi huku wazima. Umeuliza mbona mfuko wa ukoo huanza kwa kishindo, halafu baada ya miezi michache wanaotoa ni walewale. Jambo hilo limechunguzwa hapahapa mjini, na ningependa ulijue kabla hamjagombana.

Watafiti wa uchumi Ernst Fehr na Simon Gächter waliwachezesha watu mchezo wa raundi kadhaa, wakiwapanga wannewanne, kila mmoja na sarafu 20 za kubaki nazo au kuzitia katika mfuko wa pamoja. Sarafu moja ikiingia katika mfuko huo, kila mmoja wa wanne hupata 0.4, hata asiyetoa. Wote wakitia zote, kila mtu anapata 32. Lakini doezi akizuia zake 20 na watatu wakatoa zote, yeye anapata 44, wao 24 kila mmoja. Mwanzoni watu hutoa vizuri, kisha michango inashuka raundi kwa raundi. Usidhani wote ni wachoyo! Kipimo cha 2001 kilionyesha kuwa karibu nusu hutoa kadiri wenzao wanavyotoa, na kama theluthi hawatoi kitu. Wale nusu wakimwona doezi ananeemeka, nao hupunguza. Hawana njia nyingine ya kumwadhibu, na hii inawaumiza hata wasio na kosa.

Katika utafiti wa 2002 iliongezwa kanuni moja: ukilipa sarafu yako 1, doezi anakatwa 3. Makundi yalichanganywa kila raundi, usikutane tena na uliyemkata, kwa hiyo faida kwako hakuna. Watu walilipa hivyohivyo, kwa hasira tu, na michango ikapanda.

Hasira hiyo chimbuko lake ni wapi? Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyewachunguza kwa miaka mingi Wahadza wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini, aliona kuwa mtu humlipiza aliyemdhulumu yeye mwenyewe, ila ni nadra kugharimika kwa ajili ya dhuluma aliyotendewa mwingine. Wakichokana, huhama kambi. Kuadhibu kwa niaba ya mwingine kulionekana zaidi kwenye jamii kubwa. Mimi naamini uchungu wa kudhulumiwa ndio wa kale, na anayeadhibu kwa niaba ya wengine alikuja baadaye, watu walipokuwa wengi na wasiweze tena kuhama.

Tahadhari moja. Mchezo huo ulipochezwa katika miji 16, matokeo yakatoka 2008, Muscat na Athens watu wengi waliwakata hata waliotoa vizuri, yaelekea kwa kisasi. Palipozidi kisasi, adhabu haikufaa kitu.

Kwa hiyo kila mwezi someni mbele ya wote nani katoa kiasi gani. Faini iwe ndogo, ikubaliwe kabla mtu hajakosa. Asiyetoa aitwe na wazee wawili, asiachiwe shemeji mwenye hasira. Na aliyeuguliwa atajwe mapema kuwa amesamehewa mwezi huo, watu wasije wakamdhania doezi na wao wakaanza kupunguza.

Mdogo wako,
Rashidi