Watoto waonyeshwe zile nafasi wazi za Mendeleev, wimbo peke yake hautoshi

Mhariri, nakusalimu.

Mimi ni mama wa binti wa kidato cha pili hapa Tanga. Juzi kaniimbia elementi 20 za mwanzo, toka hidrojeni mpaka kalsiamu, hakukosea hata moja, nikafurahi kwa kweli. Nikamuuliza sasa mbona kwenye jedwali la elementi sodiamu wameiweka chini ya lithiamu, kwanini isikae kwingine? Akaniangalia tu. Akasema mama hiyo haiulizwi kwenye mtihani.

Iliniuma, maana kemia niliisoma na kuipenda. Usiku ule nikakata boksi la sabuni nikatengeneza kadi tatu, moja lithiamu uzito wa atomi 7, nyingine potasiamu 39, na ya katikati nikaifunika, nikamwambia jumlisha hizo mbili ugawe kwa mbili. Akapata 23. Nikafunua, sodiamu, 23! Alishika ile kadi akaigeuza kama kuna kitu nyuma. Tukaenda kwenye joto la kuyeyuka, lithiamu nyuzi 181, potasiamu 63, akapiga hesabu ileile akapata 122, kumbe sodiamu ni 98. Wastani umekataa ila bado imekaa katikati ya wenzake, na hapo ndo akaanza kuuliza yeye maswali. Hizi tatu-tatu aliziona Mjerumani Döbereiner tangu 1829, wala haikuhitaji maabara ya kisasa.

Sababu yenyewe sio ngumu. Zote tatu zina elektroni moja tu kwenye ganda la nje, na hiyo moja wanaiachia kirahisi, ndo maana zote zinapambana na maji, na potasiamu inawaka kuliko mbili za juu kwa sababu elektroni yake iko mbali zaidi na kiini. Ukijua hilo umeshajua tabia ya safu nzima, huna haja ya kukariri kila moja peke yake.

Lakini ninachotaka hasa walimu wasimulie ni habari ya Mendeleev, yule mkemia Mrusi aliyelipanga jedwali la elementi. Mwaka 1869, pale St. Petersburg, elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Alipozipanga kwa uzito huku zenye tabia moja zikikaa pamoja akakuta kuna mahali hapana wa kukaa, na badala ya kusogeza watu wajaze akaacha nafasi, kama mwenye shughuli anavyomwekea kiti mgeni ambaye bado yuko njiani, akaandika alama ya kuuliza na uzito anaoutegemea: 45, 68, 70. Huo ni ujasiri jamani! Baadae akaeleza na tabia zao, ya chini ya alumini akaiita eka-alumini (eka ni moja kwa Kisanskriti, hata majirani zetu Wahindi wanasema ek), akasema itayeyuka kwa joto dogo na densiti yake, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo, itakuwa kama gramu 5.9.

1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata kwenye mawe ya zinki, akaiita gali. Akapima densiti akapata 4.7. Mendeleev akaandika toka Urusi kwamba hapana, hiyo sampuli sio safi, pima tena. Yaani mtu ambaye hajawahi kuiona wala kuigusa anamsahihisha aliyeishika mkononi! Jamaa akaisafisha, akapima upya, ikatoka 5.9. Na kuyeyuka ni karibu nyuzi 30, hapa kwetu mwezi wa pili ukiiweka mezani mchana inakuwa maji yenyewe. Skandi ikafuata 1879, uzito 45. Germani 1886 kule Ujerumani, ile 70 yake ya mwanzo baadae aliirekebisha akasema 72, ikaja 72.6.

Hakupatia kila kitu, wasifichwe na hilo. Teluri ni nzito kuliko iodini lakini tabia zinataka itangulie, akadhani uzito umepimwa vibaya, kumbe haukuwa na kosa. Mpaka 1913 kijana wa Kiingereza Moseley alipoonyesha kwa eksirei kwamba kinachopanga ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni, sio uzito, ndo teluri 52 na iodini 53 zikatulia mahali pake.

Leo zimefika 118 na watoto wetu wanapewa jedwali limejaa, hawajui kama lilishawahi kuwa na mashimo. Ombi langu Mhariri, ule ukurasa wa elimu wa gazeti lako mchape jedwali kama lilivyokuwa kabla ya 1875, zile nafasi tatu ziachwe wazi, pembeni muweke tabia za majirani wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, watoto wakate wakisie wenyewe, majibu yatoke toleo linalofuata. Binti yangu tayari ameshaniuliza ni lini.

Mama wa mwanafunzi, Tanga